Kutafuta ukumbi: mtihani wa kila mwaka kwa wachunguzi wa mapango Uingereza

Na Mwandishi Wetu

JULAI 2, 2018 dunia ilipokea habari njema kutoka kaskazini mwa Thailand. Watoto 12 wa timu ya soka pamoja na kocha wao, waliokuwa wamekwama ndani ya pango la Tham Luang tangu Juni 23, walipatikana wakiwa hai. Watu wawili waliowafikia kwanza, baada ya kupiga mbizi katika maji ya tope yaliyojaza njia nyembamba za pango hilo, hawakuwa wanajeshi wala waajiriwa wa serikali yoyote.

Walikuwa raia wa Uingereza, Richard Stanton na John Volanthen. Mmoja alikuwa askari wa zimamoto aliyestaafu, na mwenzake mtaalamu wa kompyuta. Kupiga mbizi mapangoni kwao hakukuwa ajira, bali shughuli waliyoifanya kwa hiari na kwa gharama zao wenyewe, katika siku ambazo wengine hukaa nyumbani kupumzika.

Ni dhahiri kwamba ustadi wa namna hiyo haupatikani kwa siku moja. Hakuna chuo kikuu kinachotoa shahada ya kupita kwenye tundu lililojaa maji ya baridi, wala hakuna mwajiri anayelipia mafunzo hayo. Nchini Uingereza elimu hiyo hurithishwa ndani ya klabu ndogondogo, mkongwe akimfundisha chipukizi, na mara moja kwa mwaka klabu hizo hukutana mahali pamoja ili kila moja ieleze ilichokiona chini ya ardhi.

Mkutano huo wa kitaifa, unaojulikana kwa jina la Hidden Earth, kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa wiki mnamo mwezi Septemba. Huandaliwa na watu wa kujitolea. Na kila mwaka, kabla mhadhara wa kwanza haujatolewa, kamati inayouandaa hulazimika kujibu swali lililo jepesi kulitamka lakini gumu kulitatua: mkutano ufanyike wapi?

Makala haya yanaeleza kwa nini swali hilo ni zito, na kwa nini jibu lake lina uzito hata kwa watu ambao hawajawahi kuingia pangoni.

CHIMBUKO LAKE

Uchunguzi wa mapango kama shughuli yenye utaratibu ulishika kasi barani Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Mfaransa Édouard-Alfred Martel, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa elimu ya mapango, alizuru Uingereza mwaka 1895 na Agosti 1 mwaka huo akawa mtu wa kwanza kufika chini ya shimo la Gaping Gill, lililoko Yorkshire. Alishuka kwa ngazi ya kamba umbali unaokaribia mita 100, huku maporomoko ya maji yakimlowesha.

Baada yake Waingereza walianza kuunda klabu zao. Chuo Kikuu cha Bristol kilipata chama chake cha elimu ya mapango mwaka 1919. Mwaka 1935 kikosi cha kujitolea cha uokoaji mapangoni kiliundwa Yorkshire, na mwaka huo huo majaribio ya kupiga mbizi ndani ya pango yalifanyika Wookey Hole, katika jimbo la Somerset. Kikundi cha wapiga mbizi wa mapangoni kilianzishwa rasmi mwaka 1946.

Mwaka 1973 vyama viwili vya utafiti viliungana na kuzaa Chama cha Utafiti wa Mapango cha Uingereza, kinachojulikana kwa kifupi kama BCRA, ambacho kwa miaka mingi kilibeba jukumu la mkutano wa kitaifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikaundwa Chama cha Wachunguzi wa Mapango cha Uingereza, BCA, kikiwa ndicho mwavuli wa klabu na mabaraza ya kanda.

Kwa maneno mengine, mchezo huu umejengwa juu ya vyama vya hiari tangu mwanzo. Hauna ligi ya kulipwa, hauna viwanja vya kukusanyia viingilio, wala hauna haki za matangazo ya televisheni za kuuza. Fedha zake hutoka kwenye ada za wanachama, na nguvu kazi yake ni muda wa wanachama hao hao.

KINACHOFANYIKA MKUTANONI

Anayefika kwa mara ya kwanza hukuta shughuli kadhaa zikiendelea kwa wakati mmoja. Katika vyumba vya mihadhara, vikundi vilivyorejea kutoka safari za kiangazi huonyesha picha na ramani za njia mpya zilizogunduliwa, iwe katika milima ya Hispania, Austria, Mexico au China. Mwezi Septemba huchaguliwa kwa sababu hiyo: safari za kiangazi zimekwisha na habari zake bado ni mbichi.

Katika ukumbi wa michezo, wafanyabiashara hupanga meza za kamba, taa, kofia ngumu, ovaroli na vitabu. Pembeni huwekwa vifaa vya mashindano: kupanda kamba kwa haraka, kujipenyeza katika sanduku ambalo upana wake hupunguzwa hatua kwa hatua, na njia ya vikwazo ambayo watoto na wazee huipita kwa kicheko.

Aidha, hufanyika mashindano ya picha, filamu na ramani, na hutolewa tuzo. Miongoni mwa tuzo zinazoheshimiwa katika jamii hiyo ni ile ya Tratman, inayotolewa kwa maandishi bora kuhusu mapango, na ile ya Arthur Butcher, inayohusu upimaji wa mapango. Jumamosi usiku ni wakati wa chakula, muziki na kunywa pamoja.

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya yote ni burudani tupu. Sivyo. Ramani inayoonyeshwa ukutani siku ya Jumamosi ndiyo itakayotumiwa na kikosi cha uokoaji iwapo mtu ataumia katika njia hiyo hiyo miaka mitatu baadaye.

Mfano ulio wazi ni ule wa Novemba 2021. Mtu mmoja aliumia vibaya baada ya kuanguka ndani ya Ogof Ffynnon Ddu, pango la Wales ya Kusini lenye njia za zaidi ya kilomita 50. Ilichukua saa 54 kumtoa, na watu wapatao 300 kutoka vikosi vya sehemu mbalimbali za Uingereza walishiriki, wakipokezana kubeba machela katika giza na maji. Kazi ya namna hiyo huwa nyepesi iwapo wanaopokezana wanafahamiana, wanatumia lugha moja ya ishara na vifaa vinavyofanana. Kufahamiana huko hakuji kwa barua pepe peke yake.

SIFA ZA UKUMBI UNAOFAA

Kwa mkutano wa kawaida wa kibiashara, kamati hupiga simu hotelini, hulipa, na kazi huwa imekwisha. Wachunguzi wa mapango hawana uwezo huo. Kwanza, bei ya hoteli kubwa ingewafukuza wanafunzi na vijana, ambao ndio tegemeo la kesho. Pili, hoteli nyingi hazina mambo ambayo mkutano huu unayahitaji.

La kwanza ni vyumba vingi chini ya paa moja au vilivyo karibu. Panahitajika ukumbi mkubwa wa mihadhara, vyumba vingine viwili au vitatu vya mihadhara midogo na mafunzo, ukumbi mpana wa wafanyabiashara, mahali pa kulia chakula, na chumba cha kutundika picha na ramani.

La pili ni giza. Jambo hili huwashangaza wasimamizi wengi wa majengo. Picha za mapangoni ni za watu wadogo waliomulikwa ndani ya weusi mkubwa. Katika ukumbi wenye madirisha mapana yasiyo na mapazia mazito, picha iliyomchukua mpigaji saa sita kuipata huonekana ukutani kama doa la kijivu. Kwa hiyo mjumbe wa kamati anayekwenda kukagua jengo hana budi kwenda mchana, kufunga mapazia, na kutazama ni mwanga kiasi gani unaobaki.

La tatu ni paa imara. Mashindano ya kupanda kamba yanahitaji boriti inayoweza kubeba uzito wa watu wanaoning'inia na kuruka, na mwenye jengo lazima akubali kwa maandishi kwamba boriti hiyo itumike. Kumbi nyingi za michezo zina chuma cha kutosha juu, lakini si kila msimamizi yuko tayari kuruhusu mtu afunge kamba hapo.

La nne ni malazi ya bei nafuu. Wengi wa washiriki hulala katika mahema au ndani ya magari yao. Hivyo panatakiwa uwanja wa majani ulio tambarare, usiotuama maji, wenye vyoo na mabafu yanayofunguliwa usiku kucha. Septemba mvua inaweza kunyesha katika sehemu nyingi za Uingereza. Uwanja unaoonekana mzuri Juni unaweza kugeuka matope baada ya magari 100 kupita juu yake.

La tano ni jirani. Muziki wa Jumamosi usiku na mahema vinaweza kuwakera wakazi wa karibu, na malalamiko ya jirani mmoja yanatosha kumfanya mwenye jengo akatae kuwapokea tena mwaka unaofuata.

La sita ni mapango yenyewe. Washiriki wengi hupenda kuingia pangoni kabla au baada ya mkutano. Mapango mengi yako chini ya ardhi ya watu binafsi, na baadhi yana milango yenye kufuli na ufunguo unaotolewa kwa kibali. Kanda mwenyeji hulazimika kuomba vibali hivyo mapema na kupanga viongozi wa misafara.

JIOGRAFIA YENYE MVUTANO

Mapango makubwa ya Uingereza yamo katika kanda nne hasa: milima ya Yorkshire upande wa kaskazini, Derbyshire katikati, vilima vya Mendip huko Somerset, na Wales ya Kusini. Huko kaskazini ndiko ulipo mtandao mrefu kuliko yote nchini humo, unaopita chini ya majimbo matatu ya Cumbria, Lancashire na Yorkshire Kaskazini. Sehemu zake ziliunganishwa mwaka 2011, na njia zake zinazidi kilomita 80.

Kanda hizo ziko mbali. Kutoka Mendip hadi milima ya Yorkshire ni mwendo wa takriban kilomita 350 kwa barabara. Mkutano ukiwekwa kaskazini, wa kusini hulalamika. Ukiwekwa kusini, wa kaskazini hubaki nyumbani. Ukiwekwa katika sehemu ya katikati ya nchi isiyo na mapango, kila mmoja hufika kwa urahisi lakini wengi hukosa sababu ya kukaa siku ya ziada.

Njia iliyozoeleka ni kuzungusha. Kwa miaka mingi mkutano umefanyika katika shule na vituo vya michezo vya miji midogo: Monmouth, mpakani mwa Wales na England, Tewkesbury, karibu na barabara kuu inayounganisha kaskazini na kusini, Churchill, pembezoni mwa vilima vya Mendip, na Leek, jirani na Derbyshire. Ukiitazama ramani, miji hiyo ina sifa moja: ama imo mlangoni mwa kanda ya mapango, ama imo njiani kati ya kanda mbili.

Mwaka 2016 Uingereza ilipewa uenyeji wa mkutano wa Ulaya, uliofanyika kati ya Agosti 13 na 20. Safari hii waandaaji walichagua Dalesbridge, kituo cha malazi na kambi karibu na kijiji cha Austwick, Yorkshire, chini kabisa ya mlima Ingleborough. Hapo washiriki waliweza kuingia mapangoni kwa mwendo mfupi, na ardhi ya kupiga mahema ilikuwepo. Uamuzi huo unaonyesha kwamba kwa mkutano wa wiki nzima ukaribu wa mapango hushinda ukaribu wa barabara kuu, ilhali kwa mkutano wa siku mbili mambo huwa kinyume chake.

KWA NINI SHULE

Shule ya sekondari ya mjini mdogo ndiyo inayokaribia zaidi kukidhi masharti yote. Ina ukumbi, madarasa, mkahawa, uwanja, maegesho na ukumbi wa michezo, na mwishoni mwa wiki haina wanafunzi.

Hata hivyo, shule nayo ina magumu yake. Ijumaa wanafunzi huondoka alasiri, na kamati ina saa chache tu za kupanga meza, kutandaza nyaya, kufunga projekta na kubandika alama za kuelekeza watu. Jumatatu asubuhi kengele ikilia, kila dawati lazima liwe mahali lilipokuwa. Ndiyo maana Jumapili jioni, washiriki wengine wakiwa njiani kurudi makwao, watu wa kujitolea huwa bado wanafagia.

Baadhi ya shule za Uingereza zilijengwa kwa mikataba ya ubia na kampuni binafsi, ambapo kampuni ndiyo inayoendesha majengo. Katika shule za aina hiyo mwalimu mkuu anaweza kuwa amekubali kwa moyo mmoja, lakini bei ya ukumbi, saa za mlinzi na ruhusa ya kutumia jiko vikaamuliwa na ofisi nyingine kabisa. Kamati yenye uzoefu huuliza mapema: nani hasa mwenye ufunguo, na nani mwenye kalamu ya kutia saini?

Hali kadhalika, shule hubadilika. Mwalimu mkuu huhamishwa, uwanja hujengwa madarasa mapya, kituo cha michezo huongeza bei. Mahali palipofaa miaka mitano iliyopita panaweza pasifae leo, na ndiyo sababu orodha ya kumbi haimaliziki kutafutwa.

SHERIA HAZINA UTANI

Kuwa mtu wa kujitolea hakumwondolei mtu wajibu wa kisheria. Katika England na Wales, sheria ya leseni ya mwaka 2003 inamtaka anayeuza pombe mahali pasipo na leseni inayofaa kutoa taarifa ya shughuli ya muda kwa halmashauri, kwa kawaida siku zisizopungua 10 za kazi kabla ya siku yenyewe. Polisi na maofisa wa afya ya mazingira wanaweza kupinga.

Taarifa hiyo ina kikomo: watu waliomo eneo husika kwa wakati mmoja hawatakiwi kuzidi 499, wakiwemo wafanyakazi na wahudumu. Kwa mkutano unaovuta mamia ya watu, kikomo hicho kinaweza kuamua ukumbi upi uchaguliwe. Ukumbi ambao tayari una leseni yake kamili unaweza kuwa na bei ya juu, lakini huipunguzia kamati mzigo mkubwa.

Kanuni za usalama dhidi ya moto za mwaka 2005 nazo zinataka awepo mtu anayewajibika, ambaye atatathmini hatari na kuhakikisha njia za kutokea ziko wazi. Idadi ya watu wanaoruhusiwa ukumbini hupimwa kwa milango ya kutokea, si kwa viti tu. Ukumbi wenye viti 400 na mlango mmoja mwembamba si ukumbi wa watu 400.

Kisha kuna bima. Kwa miaka mingi BCA imeendesha mpango wa bima ya kulipia madai ya watu wengine kwa ajili ya wanachama na klabu zake. Lakini mtu wa nje anayekuja kutazama, fundi anayefunga umeme, na mtoto anayepanda kamba kwa mara ya kwanza ni mambo yanayopaswa kuulizwa moja baada ya jingine. Chini ya sheria ya England, chama kisichosajiliwa kama kampuni hakina nafsi yake kisheria, hivyo aliyetia saini mkataba anaweza kudaiwa yeye binafsi. Jambo hilo pekee hutosha kumfanya mtu mwenye nia njema asite kushika kalamu.

HESABU YA FEDHA

Ili kuelewa kwa nini waweka hazina wa mikutano hii hukosa usingizi, tuchukue mfano wa kufikirika. Tuseme ukumbi, bima, vyoo vya ziada na vifaa vya sauti vinagharimu pauni 9,000, ambazo ni lazima zilipwe hata asipokuja mtu. Tuseme pia kila mshiriki anaigharimu kamati pauni 5 nyingine, na tiketi inauzwa pauni 35.

Kila tiketi basi huacha pauni 30 za kulipia gharama kubwa. Wanahitajika watu 300 ili hesabu ziwe sawa. Wakija 240, kamati hupata hasara ya pauni 1,800. Lakini wafanyabiashara wakilipia meza zao pauni 1,500 kwa jumla, idadi inayohitajika hushuka hadi 250.

Mfano huo unafundisha mambo mawili. Kwanza, wenye maduka ya kamba na taa si mapambo. Wao ndio wanaoiwezesha tiketi ya mwanafunzi kubaki nafuu. Pili, hatari kubwa haiko katika gharama za kila mtu bali katika malipo ya awali ya ukumbi, yanayotolewa miezi mingi kabla ya kujua ni wangapi watakuja. Ndiyo maana kamati huwasihi watu wanunue tiketi mapema, na huwapunguzia bei wanaofanya hivyo.

Pupa ya kutafuta ukumbi wa bei ya chini nayo ina adhabu yake. Wahenga walisema rahisi ghali. Ukumbi uliokodiwa kwa bei ya kutupa, lakini usio na projekta, mapazia wala vyoo vya kutosha, utailazimu kamati kukodi vyote hivyo, na mwishowe jumla ikapita bei ya ukumbi uliokataliwa.

MAMBO YASIYOTABIRIKA

Uzoefu wa mikutano mikubwa zaidi unaonyesha kwamba hata mipango ya miaka minne inaweza kuvurugika. Mkutano wa kimataifa wa elimu ya mapango, unaosimamiwa na muungano wa kimataifa ulioundwa mwaka 1965, ulipangwa kufanyika Lyon, Ufaransa, mwaka 2021. Ugonjwa wa korona uliwalazimisha waandaaji kuuahirisha hadi Julai 2022, na ulipofanyika haukuwa Lyon tena bali Savoie, karibu na mji wa Chambéry.

Magonjwa ya popo nayo yamebadili taratibu. Tangu mwaka 2006, ulipogunduliwa ugonjwa wa ukungu katika jimbo la New York, mamilioni ya popo wamekufa Amerika Kaskazini. Kwa kuwa mbegu za ukungu huo zinaweza kusafiri kwenye nguo na viatu vyenye tope, wataalamu huelekeza vifaa vilowekwe katika maji ya nyuzijoto 55 au zaidi kwa dakika 20. Kwa mwandaaji wa mkutano unaopokea wageni kutoka mabara mengine, hilo lina maana ya kitu kimoja zaidi katika orodha: mahali pa kuoshea vifaa, penye maji ya moto na mfereji wa kutolea maji machafu.

WATU NDIO UKUMBI WA KWANZA

Pamoja na yote hayo, upungufu mkubwa kuliko wa kumbi ni ule wa watu. Mkutano wa aina hii unahitaji mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mpanga mihadhara, msimamizi wa wafanyabiashara, fundi wa sauti na picha, msimamizi wa kambi, wapokeaji wageni, waangalizi wa magari na wafagiaji. Wengi wao huikosa mihadhara ambayo wenyewe wameipanga.

Mzigo ukibebwa na watu wale wale mwaka baada ya mwaka, huja siku wanachoka kwa pamoja. Hapo mkutano haufi kwa kura wala kwa tangazo. Hufa kwa sababu ilipoulizwa nani ataandaa wa mwakani, ukumbi ulikaa kimya.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kugawa kazi katika vipande vidogo. Mtu asiyeweza kuwa mwenyekiti kwa mwaka mzima anaweza kusimama langoni kwa saa mbili. Nyingine ni kuandika. Kamati inayomaliza muda wake ikiacha orodha ya kumbi ilizozikagua, bei zilizotajwa, kasoro zilizoonekana na jina la ofisi inayotoa kibali, kamati mpya huokoa miezi kadhaa. Isipoandika, kila kamati huanza kutafuta gizani.

Wapo wanaohoji iwapo mkutano wa ana kwa ana una haja tena, ilhali picha na ramani zinaweza kutazamwa kwenye kompyuta. Hoja hiyo ina nguvu kwa upande wa gharama. Lakini mtandao haumfundishi mtu kufunga fundo huku mkono wa mwenzake ukimsahihisha, wala hauwakutanishi kijana wa Mendip na mzee wa Yorkshire kwenye foleni ya chai.

Kwa mkazi wa mjini anayesoma habari hizi, mkutano wa wapenda mapango unaweza kuonekana kuwa jambo la mbali. Lakini mazingira yake anayajua. Kila anayewahi kuwa katika kamati ya harusi, ya msiba, ya chama cha wahitimu au ya mashindano ya mtaa anaujua mlango wa ofisi ya ukumbi, anamjua msimamizi asiyepokea simu, na anaijua mikono miwili mitatu inayobaki kukunja viti wageni wakishaondoka.

Tofauti ni kwamba, kwa hawa, viti vinavyokunjwa Jumapili jioni ni sehemu ya maandalizi ya siku isiyojulikana, ambapo simu italia usiku, mtu atakuwa ameumia chini sana ya ardhi, na watahitajika watu 300 wanaoaminiana kwenda kumtoa.